Mkono Juu ya Bawa

Kandara, Jeddah.
Tarehe 21 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Rosebellah,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa. Goti limeacha kukusumbua? Na Nyanya, bado anamlaumu Morgan kwa kila kuku anayepotea? Mimi ni mzima, nimenenepa, hata ngamia wananigeukia nikipita.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Protus anakuja likizo huko nyumbani na ataibeba, na jambo hili sitaki libaki kwenye simu.

Wewe ulisema nikiacha shule Form Two nitaishia kuchunga mbuzi wa Waarabu. Basi sikia, nachunga ndege. Bosi wetu wa Al-Sulay, kule Riyadh, amenunua ndege ya kivita ya wanamaji wa Kiingereza, ya ile vita ya Wajerumani. Waliiita Martlet. Mabawa hukunjwa kwa mikono yakalala ubavuni kama ya nzige, ili zienee nyingi ndani ya meli. Kupandisha magurudumu, rubani huzungusha mkono wa chuma kama mara thelathini huku ndege ikiyumba kama Baba siku ya mshahara. Ukiuachilia, unakuvunja kifundo cha mkono. Nayajua yote, uliza yeyote.

Jumatatu tuliileta Jeddah kwa lori, imekunjwa. Kuyanyoosha mabawa na kuyafunga kwa pini ilikuwa kazi yangu. Nikamaliza upesi, nikatia sahihi kwenye fomu bila kuisoma, unakijua Kiingereza changu. Usama, mtoto wa bosi, ndiye angeirusha saa tisa.

"Brayo, halas?" akaniuliza, yaani nimemaliza?

"Halas, bosi. Hata wewe ukianguka, bawa litabaki juu."

Sala ya adhuhuri wenzangu wakaenda msikitini, nikabaki peke yangu kwenye banda la ndege. Joto la kuua, upepo mafi, hakuna kabisa. Ndipo bawa la kushoto likagongwa kutoka chini. Mara tatu, polepole. Nikainama, hakuna mtu. Likagongwa tena, mara tatu.

Shangazi, pale kwetu tukishafunga mlango tunaugonga mara tatu, na sote tunajua tulikoitoa desturi hiyo. Babu yako Nahashon alifunga mabawa ya ndege kama hizi Port Reitz, Mombasa, na pini ikishaingia aligonga chini ya bawa ili rubani ajue. Mimi sikuwa nimegonga.

Nikapanda ngazi. Kijiti chekundu kilikuwa kimesimama juu ya bawa, maana yake pini haikuingia. Lingejikunja Usama akiwa angani.

Nilimwambia Usama mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba nilidanganya, na jinsi bawa lilivyogongwa. Hakunifokea. Alilishika lile bawa, kisha akakaa chini sakafuni. Baba yake amenirudisha kufagia, na nafagia.

Lakini kando ya kijiti, kwenye vumbi la safari, kulikuwa na alama ya kiganja cha kulia. Vidole viwili vya mwisho havikuwepo. Nimewasalimu watu wote wa banda kwa mkono, mmoja mmoja. Kila mtu anavyo vyote.

Katika ile picha ya ukutani, Babu ameficha mkono mfukoni. Wewe ndiye uliyemwosha na kumlisha uzeeni. Niambie alikuwa na vidole vingapi. Usipige simu. Andika, Protus ataniletea.

Nisalimie Nyanya, Risper na Morgan mwizi wa kuku. Mungu awafunike nyote.

Mimi wako, ninayekupenda hata ukinichapa,
Brayo

Ndege sasa inaruka kesho. Usama amekataa kupanda mpaka nigonge mimi. Leo adhuhuri, banda likiwa tupu, nimejaribu kugonga. Nimejibiwa.