Nimemshika baba mkwe

Itiryo, Jumanne, Julai 1956

Leo kulikuwa na baridi kali.

Asubuhi trekta la misheni liligoma tena. Oili ilikuwa nzito kama ugali, hendeli ya kuwashia haizunguki. Chacha, mume wangu, ambaye ndiye dereva wake, akamwita baba yake, wakasukuma karai la makaa chini ya injini ipate joto. Nilikuwa nimewaletea uji, mwanangu Boke mgongoni, nikasimama mbali kama mkamwana anavyotakiwa.

Ndipo nikaona dizeli inachuruzika kutoka kwenye bomba. Baba mkwe alikuwa amejitanda blanketi, amechuchumaa palepale akipuliza makaa. Niliita, lakini masikio yake ni mazito. Nikakimbia, nikamvuta kwa bega hadi akaanguka chali. Moto ukaruka pale alipokuwa.

Chacha aliuzima kwa mchanga, kisha akanigeukia. "Wewe! Umemshika baba?"

"Ningemwacha aungue?"

Mzee hakunitazama. "Mwambie mama Boke amenichania blanketi," akamwambia Chacha.

Sijui ilikuwa hasira au utani. Mkamwana hamgusi mkwe wake, hilo nalijua tangu utoto. Mama mkwe anasema wazee watalizungumza kesho. Wakiamua nirudishwe kwetu Kerende, nitarudi peke yangu, maana mtoto ni wa ukoo wao. Na Boke bado ananyonya...

Nitaomba radhi kwa blanketi, nitalishona mwenyewe. Kwa kumvuta, hapana. Hata wakinilazimisha, sitasema najuta.