Rosmeri ndani ya gari ya Mama Chebet

Jumatatu, 9 Machi

Basi nilikuwa nasema mambo ya rosmeri, mvua ya mawe ikaingilia. Wacha nimalize.

Ilikuwa jana saa nane. Nimeinama nyuma ya jikoni nakata thaim. Mbingu ikapasuka. Kwanza mawe kama punje za mahindi, halafu kama mayai ya kwale. Majani chai ya kilima yote imechanwa kama mtu amepita na kisu. Majirani wanalia majani chai. Mimi nalia rosmeri na dania. Niliokota kila kitu imevunjika nikajaza beseni. Kwa shamba imebaki vijiti tu. Zitachukua muda kurudi, na mimi muda sina.

Najua inachekesha, mama mzima analilia dania. Lakini mzee wangu, Baba Atieno, hamezi kitu ingine. Ugali haipiti. Mkate haipiti. Inayopita ni supu ya mifupa nimechuja, na lazima inuke rosmeri na thaim. Bila hiyo anasukuma bakuli, anasema anaonja chuma. Na daktari alisema tarehe ishirini na nne anampandisha kwa mzani. Akipungua tena, hawezi kumfungua. Hatatoka opareshen akiwa hai, alisema hivyo. Nimecheka mambo mingi kwa hii maisha. Hiyo sikucheka.

Ni kansa ya koo. Nimeandika mara moja, sitaandika tena. Kanisani nimesema ni tonsili. Mzee ana mvi mpaka kwa masikio, ati tonsili!

Kwa hivyo nitakausha. Nikikausha hii beseni vizuri tutafika hiyo tarehe.

Jumanne, 10 Machi

Asubuhi jua. Nilifunga vifungu vidogo na uzi, nikaning'iniza kwa kamba ya nguo, vichwa chini. Zikapendeza. Nikaimba.

Saa saba mvua. Nilikuwa kwa dispensari nachukua dawa yake. Nimekimbia na hizi mapaja, matope mpaka kwa kitambaa ya kichwa. Nimekuta zote zimelowa. Naanza upya.

Jumatano, 11 Machi

Nimetundika juu ya moto, pale kwa dari tunaweka mahindi. Nikajiona mwerevu. Kufika jioni zimeanza kukauka kweli.

Nikapika supu na hiyo. Akaonja. Moshi. Akatapika hata ile chai ya asubuhi. Akaniambia pole. Yeye ndiye ananiambia mimi pole! Nilienda nje nikasema naangalia kuku.

Nimechukia huo moto. Nimejichukia.

Ijumaa, 13 Machi

Dania imekuwa nyeusi. Nimetupa. Minti imeota nywele nyeupe. Nimetupa. Imebaki rosmeri na thaim, rundo moja, nimetandaza kwa gazeti chini ya kitanda. Nazigeuza geuza kama chapati. Bado ni baridi na unyevu. Hii nyumba hata chumvi inalia maji.

Nilifikiria kuzituma kule chini Chebunyo kwa dada ya mchungaji, huko kuna jua ya maana. Lakini ataniuliza ni ya nini. Na huyo dada ya mchungaji, ukimwambia kitu asubuhi, saa sita imefika mjini Sotik. Najua. Mimi ndiye humwambia.

Mzee ametoboa mshipi tundu ingine. Alitumia msumari, akidhani siangalii.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeona kitu.

Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Nimesimama kwa ua nikiangalia boma ya jirani, Mama Chebet, kazi yangu ya kila siku. Ile gari ya marehemu bwana yake, rangi ya maziwa, imekaa juu ya mawe tangu matanga. Na ndani kwa dashibodi, paka, sijui ameingia kwa tundu gani. Amelala amejinyoosha. Manyoya imesimama, kavu kabisa, kama ametoka saluni.

Paka za kilima yote zimelowa. Huyo amekauka.

Gari imefungwa vioo. Jua ya asubuhi inaingia, mvua ya mchana haiingii.

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Halafu nikakumbuka hiyo gari ni ya nani, na nani aliipatia jina ndege. Mimi. Nilisema siku moja Mama Chebet atapanda hiyo ndege amfuate bwana yake mbinguni, watu wakacheka kwa soko wiki mzima. Ikamfikia. Tangu hapo salamu ni ya mbali.

Na kuna ingine mbaya zaidi. Bwana yake alikufa na koo.

Jumapili, 15 Machi

Sikuenda kwake. Nilienda kanisa. Mama Roda akanishika mkono kwa mlango, "Wewe Mama Atieno, siku hizi uko kimya sana. Umeokoka mara ya pili?" Nikacheka kwa nguvu kuliko wote.

Mzee amekula vijiko tatu. Supu bila kitu. Alifunga macho akameza kama mtu anameza jiwe.

Naogopa.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeenda.

Alikuwa anakamua ng'ombe. Nikamsalimu chamgei. Akaitikia chamgei mising bila kugeuza kichwa.

Nikasema naomba gari.

Hapo akageuka. "Unataka ndege? Unaenda wapi nayo?"

Haki nilistahili. Nikasema nataka kukausha rosmeri ndani.

"Rosmeri ya nini?"

"Ya supu."

"Supu ya nani?"

Mimi, mwenye hujua mimba ya watu kabla wenyewe wajue, nimesimama hapo maneno haitoki. Akaendelea kukamua. Maziwa tu ikilia kwa ndoo. Halafu akaangalia nyumba yetu.

"Ni koo?"

Nikasema ndiyo. Nikalia vibaya, na sauti, ng'ombe ikarusha teke. Hakuniambia nyamaza. Alimaliza kukamua kwanza, akafunika ndoo.

"Nilijua. Nimeona mshipi yake. Baba Chebet alitoboa mpaka ikabaki mashimo tu." Akaingia nyumba, akatoka na kifunguo.

Mlango ilikataa, tukavuta sisi wawili. Kwa kiti ya dereva kuna koti ya marehemu, imevaa kiti vile mwenyewe aliiacha. Nikanyoosha mkono niitoe niweke nyuma. Akashika mkono yangu.

"Hii haitoki."

Nikasema sawa mama. Nimetandaza kwa kiti ya nyuma na kwa dashibodi. Paka amekasirika.

Jumanne, 17 Machi

Jua kali mpaka saa saba. Nikafunga vioo kabisa, hata pumzi isipite. Jioni naangalia, gari imejaa jasho! Maji inateremka kwa kioo ndani. Rosmeri imelegea kama mboga imechemka.

Nilikaa chini kwa matope. Sikujali nani ananiona.

Mama Chebet akanikuta hapo. "Sasa umefunga vioo ya nini? Hiyo maji ya majani itoke wapi? Shusha kidole moja, huku na huku. Na ufunike na gazeti, jua inakula rangi na harufu."

Nikamuuliza amejulia wapi.

"Kwani unafikiria mbegu ya mboga yangu ya saga nakaushia wapi?"

Kumbe! Miaka hiyo yote tunacheka gari imekufa, na mbegu ya saga tunanunua kwake inakaukia humo. Na mimi macho yangu yote kwa hiyo ua sikuona.

Imebaki nusu beseni ya kuokoa. Mungu nisaidie na hiyo nusu.

Alhamisi, 19 Machi

Zinakauka. Nazigeuza asubuhi, nafunga kabla mvua, nafungua kidole. Mama Chebet ananipigia kelele kwa ua nikichelewa. "Mvua hiyo, wewe wa ndege!" Sasa jina ni langu.

Mzee hajala leo. Maji tu. Shati inamning'inia. Nilimnyoa ndevu, nikahisi mfupa ya taya kwa kidole. Nikamwambia umbea yote ya soko ndio asinione uso.

Jumamosi, 21 Machi

Imevunjika! Nimeshika jani la thaim, likalia krr, likawa unga. Nikasugua rosmeri kwa kijiti, ikaanguka yote. Rangi kijani bado. Harufu ilijaa gari mpaka nikapiga chafya. Nimeweka kwa chupa ya jamu. Mama Chebet anasema nilaze usiku moja, kioo ikitoa jasho ndani ya chupa, bado.

Halafu mzee akanifuata. Ametembea polepole na blanketi kwa mabega, alitaka kujua mimi huenda wapi kila siku. Ilikuwa mvua imeisha, baridi inauma. Gari bado ilikuwa na joto ya mchana. Mama Chebet mwenyewe akamfungulia, akamkalisha mbele, kando ya ile koti.

Alikaa akifunga macho. Nikaona pua yake inacheza.

"Mama Atieno," akasema, sauti ni kama karatasi, "hii inanuka nyama ya Krismasi. Leta supu hapa."

Nilikimbia. Alimaliza bakuli. Alichukua saa mzima, ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Alimaliza. Mama Chebet alikuwa amesimama mikono ndani ya lesso, halafu akaenda nyuma ya zizi. Sikumfuata.

Jumapili, 22 Machi

Chupa haina jasho.

Jumatano, 25 Machi

Jana ilikuwa mzani, baada ya siku tatu ya kumaliza kila bakuli. Sindano ilisimama palepale pa mara ile ingine. Haikupanda. Haikushuka. Daktari aliangalia, akaangalia tena, akasema watamfungua. Bado naogopa. Lakini ni uoga ingine, ile ya kungojea, si ile ya kuzama.

Tukirudi tukakutana na Mama Roda kwa barabara. Akauliza tonsili ya mzee iko aje. Nikamwambia ni koo. Nikataja jina ya ugonjwa yote. Jioni akaleta mifupa.

Rosmeri kwa shamba imetoa vichwa kidogo, kama meno ya mtoto. Chupa imebaki nusu. Niko hapa jikoni nachuja supu na naandika na mkono ingine. Nje mawingu, lakini kimya. Mzee yuko kwa gari na paka kwa magoti. Mama Chebet anapeta saga, wanabishana nani aliendesha vibaya zaidi, yeye ama marehe

Huyo sasa. Anagonga mlango ya gari na kijiko. Ananiita. Nakuja mzee, nak