Jina la Elie Katika Kitabu cha Lango

Bukoto, Kampala
Jumatano, 13 Agosti 2008

Mpendwa dada yangu Estelle,

Hujambo wewe na nyumba yako? Miguu yako je? Julienne aliniambia uvimbe umepungua, lakini ningependa kulisikia hilo kutoka kwako. Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama.

Mwanao Elie bado ameshikiliwa. Yuko hai. Jana nilimwona mahakamani. Amekonda, ila alinitania kwamba nimenyoa ndevu kama mtu aliyekimbizwa.

Nikueleze taratibu. Polisi walimchukua Jumatatu, tarehe 28 Julai, pale anapotengeneza simu. Walikuta simu sita za wateja wa kwetu, wakasema anapeleka habari kwa waasi. Katiba ya hapa inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa arobaini na nane. Hawakumfikisha. Wakili wetu akaiomba mahakama iwaamuru wamlete mbele ya jaji na kueleza kwa nini wanamshikilia.

Walimleta. Lakini wakili wa serikali alisema Elie alikamatwa Jumapili iliyopita, na kitabu cha kituo kinasema hivyo.

Hapo ndipo kosa langu lilipofichuka. Tangu tarehe 29 nimempelekea chakula kila siku. Unajua sisi wakimbizi tulivyozoea: duka la Elie limeandikwa kwa jina la mwenyeji, na chumba changu vilevile. Basi nilimwomba jirani yangu mzee Okot, polisi mstaafu, anitangulie langoni. Mwanawe Ojera ni askari wa kituo hicho, naye ndiye aliyemfikishia Elie chakula ndani. Katika kitabu cha wageni tukaandika kila siku: Okot, chakula cha Ojera. Niliona ni busara. Siku kumi na nne, na jina la mwanao halimo hata mara moja.

Ilibaki njia moja: Okot aape mbele ya jaji kwamba chakula kile kilikuwa cha Elie. Anaishi na Ojera katika nyumba ya polisi hapa jirani, Naguru, na wangeweza kuipoteza, kwa hiyo sikuthubutu kumwomba. Alikuja mwenyewe, amevaa koti lake la kustaafia.

“Mwalimu,” akaniambia, “wewe nafundisha sheria, mimi nakamata watu miaka thelathini. Sasa ona, wote wawili hatujui kuandika jina.”

Aliapa. Jaji alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema kulinda nchi ni kazi halali ya serikali, wala hatainyang'anya kazi hiyo. Lakini serikali inayotaka kuaminiwa kuhusu hatari ya mtu ianze kwa kusema kweli kuhusu siku ilipomkamata. Akaamuru wamfungulie mashtaka au wamwachie kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Ungefurahi, dada. Nami nilifurahi, mpaka nilipowaona wakimpandisha tena kwenye gari lao.

Miaka ishirini niliwafundisha watoto wa Bukavu kwamba mahakama ni mizani. Sikuwaambia kwamba mizani haina mikono. Jaji hana askari wake. Amri yake wamepewa watu wale wale waliobadilisha tarehe, na sasa inategemea waone aibu, au wamwogope jaji kuliko wanavyomwogopa mkubwa wao. Leo asubuhi Ojera ameambiwa afungashe vitu, anahamishwa mbali. Okot hajanilaumu. Heri angenilaumu.

Usije kwanza. Barabara si salama, na hapa tungekuwa na watu wawili wa kuwahofia.

Nisalimie Julienne, Pitshou na shangazi Olivia. Waambie wasinyamaze katika sala. Mungu aliyekupa mtoto huyu akutunzie pumzi ya kumpokea.

Ijumaa nitakuwa langoni tangu saa mbili asubuhi, bila Okot. Nitaomba kitabu, na nitaandika kwa mkono wangu: Bisimwa, mkimbizi, nimekuja kumchukua Elie, mwana wa Estelle.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Bisimwa