Naenda Matanga

Thika, Jumanne, 11 Februari 2025

Kwa binti yangu Ciku,

Habari ya Ruiru? Natumai umeamka salama na kile kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima, tena mzima sana, ndiyo maana nakuandikia ujumbe badala ya kukupigia. Kwa simu tutagombana.

Ukisoma hii nitakuwa ndani ya basi. Naenda Nakuru, halafu Kisumu, peke yangu. Nitalala hosteli, zile za vijana wenye mabegi ya mgongoni, kwa sababu ndizo mstaafu anaweza kulipia. Tangu nizaliwe sijawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wetu.

Baba yako Ngigi alipofariki mwaka jana, ulianza wimbo wako kwamba siwezi kuishi peke yangu, nihamie kwako hapo Kiuu, Ruiru. Basi tupatane. Nikikupigia simu hata mara moja uje unichukue, nitahamia kwako bila neno. Nikirudi kwa miguu yangu, nabaki kwangu Thika na hayo mazungumzo yaishe. Ufunguo uko kwa Nduku jirani. Usiguse kitu.

Mimi mama yako.


Ruiru, 11 Februari

Mami,

Mimi sijambo, kikohozi kimeisha. Lakini wewe hujambo kweli? Aki Mami! Mtu wa rika lako kulala bweni kama mwanafunzi? Watu wa kanisa wakiniuliza uko wapi, nitasema nini? Nani huenda Kisumu bila sababu? Kama ni kutembea, si ningekupeleka Kamakis tukale nyama?

Nimeshamwambia mwenye nyumba hapa Kiuu kwamba chumba cha kando yangu ni chako mwisho wa mwezi. Shuka hapo Naivasha urudi, tafadhali.

Binti yako, Ciku.


Nakuru, 13 Februari

Ciku mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Hujambo? Mimi sijambo ila kiuno, na hicho nilitoka nacho nyumbani. Hapa hosteli wamenionea huruma wakanipa kitanda cha chini. Juu yangu analala Mutheu, msichana wa Kitui anayezunguka Kenya na begi kubwa kumliko. Asubuhi nilimkuta akiunguza mayai, nikamnyang'anya sufuria. Sasa bweni zima linaniita shosho, kana kwamba wote ni wajukuu wangu.

Swali lako hata mimi naulizwa. Kwenye basi ni, "Mama, unaenda kwa nani?" Nikisema siendi kwa mtu, wananiangalia kama nimetoroka hospitali. Mwishowe nikasema naenda matanga. Ungeona! Nilipewa kiti cha dirishani, nikabebewa mzigo, na hakuna aliyeuliza tena. Ni uongo mdogo, Mungu atanisamehe.

Kesho ni Kisumu. Na huyo mwenye nyumba, mwambie atafute mpangaji mwingine.

Mama yako.


Ruiru, 17 Februari

Mami,

Habari za siku? Natumai uko salama, kwa maana tangu Alhamisi umenyamaza na simu umezima. Nimekasirika na nimeogopa, sijui nianze na lipi. Mambo ya kushindana nimeacha. Piga tu. Hata usiposema kitu nitajua ni wewe, na nitakuja.

Binti yako.


Kisumu, 18 Februari

Kwa mwanangu Ciku,

Hujambo? Pole sana kwa kukutia hofu. Niko salama. Simu niliizima kwa sababu ningekupigia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia steji ya mabasi ya Kisumu. Kwenye basi niliketi na Auma, mama anayeuza mitumba. Nikamwambia naenda matanga. Akauliza boma gani, nikababaika. "Basi tutalitafuta pamoja," akasema. "Mama wa watu hawezi kufika matanga bila mtu wa kumshika mkono." Nilikataa, naye akakataa kukataliwa. Tulipokuwa tukishuka akauliza marehemu anaitwa nani. Nikafungua mdomo nitunge jina, likatoka Ngigi.

"Hilo ni jina la kwenu. Anazikwa huku?"

Nikaona aibu. Nikamwambia ukweli, kwamba ni mume wangu na alizikwa Thika mwaka jana.

"Ulimlilia?"

Ciku, unakumbuka siku ile ya mazishi. Programu ilifuatwa vizuri, hema likapendeza, mimi nikawa naangalia kama chakula kitawatosha wageni. Kila aliyenishika mkono aliniambia, "Kaza moyo, Mama Ciku." Nilikaza. Sikuwa nimeulegeza mpaka hapo steji.

Auma akaweka mzigo chini, akafunga leso kiunoni, akaanza kumlilia Ngigi kwa sauti, kwa Kijaluo, mtu ambaye hakumjua. Na mimi nikamfuata. Muuza mahindi akatuletea stuli.

Siku ulizonikosa nilikuwa nalia hosteli, vijana wakiniletea chai kwa zamu. Mara nyingi niliishika simu. Sikuacha kupiga kwa kiburi. Nilitaka kumlilia mume wangu mpaka nimalize, bila mtu kuniambia nikaze moyo. Nimemlilia, na nimeweza peke yangu. Leo nimekula samaki. Jumamosi narudi Thika, kwangu.

Mama yako.


Nakuru, 20 Februari

Kwa Mami wangu,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Usirudi Jumamosi. Mwenye nyumba wa Kiuu nimeshamwambia chumba ampatie mtu mwingine. Hukupiga simu, kwa hivyo siji kukuchukua, tuelewane hapo. Niko hosteli ile ile yako, kitanda cha juu, na asubuhi napanda basi la Kisumu.

Siku ile maikrofoni nilikuwa nayo mimi. Nilisoma historia ya baba yangu kama mtangazaji wa habari, na watu wakanisifu kwamba sikulia.

Leo mzee aliyeketi kando yangu aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naenda matanga. Mwambie Auma aningoje steji, na abebe ile leso.

Binti yenu, Ciku.