Shukrani za Kirk mezani

Darlene, niko chooni kwa mama mkwe, nimejifungia. Usipige, soma tu.

Si unaijua desturi yao ya Siku ya Shukrani, kila mtu aseme anachoshukuru kabla bata mzinga hajakatwa? Kirk mume wangu akasimama. "Nashukuru Joyce kaongezewa mshahara." Wakapiga makofi. Mimi kama zuzu nikasema hela hiyo namnunulia Kirk ile boti ya kuvulia anayoililia kila kiangazi.

Akacheka. Darlene, alicheka.

Akanifuata jikoni. "Boti nitanunua mwenyewe. Mimi naondoka. Nilikuwa nasubiri tu mshahara wako upande, maana tukiachana hakimu angenibebesha matunzo yako. Sasa unajiweza."

Nilikuwa nasubiri tu mshahara wako upande. Huku analamba krimu kwenye kijiko.

Na ndiye aliyenisukuma nikaombe nyongeza. Kanifanyisha mazoezi ya kumkabili bosi wiki nzima, nikadhani ni mapenzi.

Mama yake akaingia. Nikamkimbilia nikilia. Akanipita, akafunga vipande viwili vya pai ya maboga, akampa mwanawe.

"Kimoja chako, kingine cha mchumba. Mwambie mwakani atakaa kiti cha Joyce."