Kichipu cha Shemeji

Jumanne, baada ya Isha

Hapana, shemeji yangu Hemedi simwamini. Chipu yangu ya kuongozea taa imebakiwa na miguu mitatu tu ya kuungia nyaya, na taa za harusi ya mwanangu ni nane. Akanipa kichipu cha kuigawa miguu hiyo kwa taa zote. Leo taa zinawaka na kuzima zenyewe, bila amri.

Mama mkwe akaja na chetezo cha udi. Alipokaribia, taa zikabadilika.

"Umeona? Mashetani hao wanakimbia!"

Mimi nikaushuku mkono wake. Nikakichungulia kichipu. Mguu wake mmoja nilikuwa nimeuacha bila kuuunga popote, ukawa unanasa umeme wa mwili wa kila anayesogea na kuudhania amri. Nikauunga. Taa zikatii.

Basi kichipu ni kizima. Na Hemedi kanipa bure, mtu asiyewahi kuninunulia hata kikombe cha kahawa.

Anataka nini?