Fundo ya Kwetu

Siku ya tatu, mwezi wa tisa, 1956

Bado niko nacheka peke yangu, mpaka bibi yangu ameniuliza kama homa imerudi.

Papa Alphonse, jirani yangu wa kuvua kule kwenye maporomoko, siku ya Mungu aliniita mwizi wa samaki mbele ya kanisa yote. Mimi! Donc leo asubuhi, nilipokuta kamba ya mutego yake iko karibu kukatika, shetani aliniambia: “Geuza macho tu, mto utafanya kazi.”

Nikakumbuka sala niliyotoka kusali. Bon. Nikafunga kamba ile upya, kwa fundo ya ukoo wetu, ile wavuvi wote wanaitambua hata kwa mbali, lakini kuifungua tunajua sisi tu.

Papa Alphonse akafika. Mutego imejaa samaki, lakini fundo imemushinda. Akivuta, inakaza. Akikata kamba, mto utabeba yote. Wavuvi wengine, kila mutu juu ya magogo yake ya kufungia mitego, wakaanza kupiga miluzi.

Mwishowe akaita, sauti ndogo sana: “Ndugu yangu, kuja unifungulie.”

“Unaita nani, Papa? Yule mwizi?”

“Ndugu! Nimesema ndugu!”

Nikaenda, nikafungua. Akanipa samaki mukubwa, akasema siku ya Mungu atasimama kanisani kusafisha jina yangu.

Nimemusamehe, kweli kabisa. Lakini kesho kutwa ni kuungama, na sijui nitamwambia padri nini. Kuokoa mutego ile, fundo moja ingetosha.

Nilifunga tatu.